Walinzi Wasio na Hisa

Tangu mwaka 2011 nyika iliyo baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, yaani ranchi za Rukinga, Taita, Kasigau, Maungu na jirani zake, imekuwa ikiuza bidhaa ambayo wazee wetu, waliozoea biashara ya pembe na nafaka na asali, wasingeisadiki hata wangeapiwa: inauza kaboni ambayo, kwa kuwa miti yake haikukatwa wala haikuchomwa makaa, haikupanda hewani. Mradi huo, unaoendeshwa na kampuni ya Wildlife Works iliyofika Rukinga mwaka 1998, umeenea juu ya takriban hekta 200,000, nao ulikuwa wa kwanza duniani wa namna yake kuhakikiwa kwa kanuni za soko la hiari la kaboni. Mnunuzi aliye Ulaya au Marekani, ambaye viwanda vyake au safari zake zimetoa moshi, hulipa fedha ili tani kadha wa kadha zihesabiwe kuwa zimebaki salama ndani ya migunga na mibuyu ya Taita. Na fedha hizo zikishafika hugawanywa, fungu moja likaenda kwa wenye ardhi, jingine kwa gharama za uendeshaji, na jingine kwa miradi ya vijiji.

Sina nia ya kuingia katika mabishano ya wataalamu kama hesabu ya tani hizo ni sahihi au imetiwa chumvi, ingawa mabishano yapo na ni makali. Wanaojua kupima miti na wapime. Ninalotaka kulisema mimi ni jepesi kulifahamu, na kwa dhana yangu ni zito zaidi kulitengeneza: katika mpango mzima wa kulipia hifadhi ya mazingira, fedha hufuata hati, hazifuati mkono. Mwenye jina lake katika daftari la wanahisa hupata sehemu yake awe amepanda mti au hajapanda, awe anaishi Kasigau au anaishi Nairobi, mahali ambapo kiangazi huingia na kutoka pasipo yeye kujua. Na asiye na jina katika daftari hilo, hata akiwa ndiye aliyeihifadhi nyika kwa jasho lake aushi yake yote, huhesabiwa katika fungu la jamii, na fungu la jamii hugeuka madawati, matangi ya maji na karo za watoto. Mambo hayo ni mema, nami siyadharau. Walakini hisani ni jambo moja na haki ni jambo jingine, na mwanamke wa Taita Taveta kwa muda mrefu amepewa la kwanza akaambiwa ndilo la pili.

Daftari hizo ziliandikwa zamani. Ranchi nyingi za huku ziliundwa katika miaka iliyofuata uhuru, serikali ilipohimiza ufugaji wa ng'ombe wa nyama katika nyika kavu, na aliyekwenda kuandikisha jina alikuwa mwenye mji, maana ndiye aliyeitwa barazani na ndiye aliyekuwa na kipande mfukoni. Mkewe alibaki shambani, wala hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi siku hiyo. Dhuluma ilikuja baadaye, pale nyika iliyodhaniwa haifai kitu ilipogeuka mali, na jina moja lililoandikwa kwa kalamu ya wino likawa ndilo mlango wa fedha. Hali hii si ya Taita peke yake. Uchunguzi wa Kenya Land Alliance juu ya hati za ardhi zilizotolewa nchini kati ya mwaka 2013 na 2017 ulikuta kwamba, katika hati takriban milioni moja zilizochunguzwa, wanawake walipewa asilimia 10.3 tu, na kwa ukubwa wa ardhi yenyewe fungu lao halikufika asilimia 2.

Na ardhi yenyewe Taita Taveta ni haba kuliko inavyoonekana katika ramani. Kaunti ina kilomita za mraba zaidi ya 17,000, ila takriban asilimia 62 ya eneo hilo ni hifadhi za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948 wakati wenyeji hawakuwa na kauli. Katika kinachobaki, mashamba makubwa ya mkonge ya Mwatate na Taveta yamejitwalia sehemu yao, ranchi zao, na watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wanabanana vilimani na kando ya njia kuu. Wazee walilalamika mapema. Taita Hills Association iliundwa mwaka 1939 kwa ajili ya ardhi, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku na kuwaweka viongozi wake kizuizini. Kabla ya hapo, mwaka 1915, watu wa Kasigau wote walihamishwa kwa nguvu na Waingereza wakapelekwa Malindi, kwa tuhuma kwamba waliwasaidia Wajerumani katika vita. Wengi walikufa ugenini kwa maradhi, na waliosalia wakakaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurejea mlimani kwao. Kisha katika miaka ya 1956 na 1957, ilipoendeshwa kampeni kubwa ya kuwakomesha wawindaji wa Tsavo, Wawaata, ambao uta na mshale ndiyo yaliyokuwa maisha yao, walikamatwa makundi kwa makundi wakatiwa gerezani. Historia imeandika majina ya maaskari wa hifadhi na imeandika majina ya baadhi ya wawindaji. Wake zao, waliobaki na watoto katika nchi ambayo kuokota riziki yake kulikuwa kumeharamishwa, haikuwaandika.

Nayasimulia haya kwa sababu neno hifadhi, likitamkwa huku kwetu, lina kumbukumbu. Mgeni hulisikia likiwa jema tupu. Mwenyeji hulisikia pia kama ua lililojengwa usiku, akaamka akajikuta yuko nje.

Mfano wa maji unatosha kuonyesha jinsi neema ya nchi inavyowapita wenye nchi. Chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya Tsavo Magharibi na zinazopata maji yake kutokana na mvua inayonywewa na miamba ya Chyulu, zilitegwa mabomba katika miaka ya 1950 ili kuinywesha Mombasa. Bomba hilo limepita katika nchi ya Taita likielekea pwani, na tangu lilipolazwa kumekuwa na vijiji vinavyoliona au kulijua lilipo huku wanawake wake wakiamka alfajiri kwenda kungoja zamu ya madumu. Voi yenyewe hunywa kutokana na bomba hilo, na siku linapokatika, mji mzima, kuanzia hoteli mpaka zahanati, huishi kwa mikokoteni ya wauza maji.

Yapo maji mengine, ambayo hayakuletwa na mhandisi yeyote. Milima ya Taita, yaani Dawida, Sagalla na Kasigau, ndiyo ncha ya kaskazini ya ile safu ya kale inayoanzia Tanzania, na juu yake katika misitu ya Ngangao, Mbololo, Chawia na Vuria, ukungu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi hunaswa na majani ya miti, ukadondoka tone kwa tone, ukaingia ardhini, ukatokea bondeni kuwa kijito. Mto Voi huzaliwa huko, ukashuka mpaka Tsavo Mashariki, ambako mwaka 1952 lilijengwa bwawa la Aruba ili wanyama wapate maji. Kwa hiyo ndovu anayepigwa picha na mtalii bondeni, inaponyesha vizuri, anakunywa alichokinasa mti wa mlimani. Misitu hiyo ya asili imebaki vipande vipande vidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ilifyekwa kwa kilimo na nyingine ikapandwa misonobari na mikalitusi. Na katika vipande hivyo wanaishi ndege wasiopatikana popote pengine duniani, akiwamo yule kipenzi cha wataalamu, Taita apalis, ambaye idadi yake imepungua mpaka anahesabiwa miongoni mwa walio karibu kutoweka kabisa. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi kwa ajili ya kuichunguza milima hii. Mwanamke wa Werugha au Mgange hana kituo, ila anajua ni chemchemi ipi ilikauka baada ya mikalitusi kupandwa kando yake, kwa kuwa ndiye aliyelazimika kutafuta nyingine.

Na hapa sharti nitahadhari, maana pana mtego. Imekuwa desturi katika makongamano kusema kwamba mwanamke ni mlinzi wa asili kwa tabia yake, kwamba uzazi wake na uzazi wa ardhi ni mamoja, kwamba aliyebeba mimba hawezi kukata mti. Maneno haya ni matamu, na wanaoyasema aghalabu wanataka kumsifu; lakini yanambebesha mzigo usio na malipo, kwa sababu kazi ya mtu ikiitwa tabia yake, hakuna anayeona haja ya kumlipa. Bina Agarwal, mchumi wa Uhindi, aliyajibu maneno ya namna hiyo tangu mwaka 1992, pale alipohoji kwamba uhusiano wa mwanamke wa kijijini na msitu hautokani na maumbile, bali na mgawanyo wa kazi na wa mali: anayetumwa kuni ndiye wa kwanza kujua kuni zimekwisha. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alichunguza kamati za misitu katika Uhindi na Nepali akakuta kwamba zile zenye wanawake wengi zaidi ndizo ambazo misitu yake ilipata nafuu zaidi. Hoja hiyo naiona ina nguvu kuliko mashairi yote ya mama na ardhi, kwa kuwa inataka kiti, haitaki sifa.

Hata mapokeo yetu wenyewe hayamtetei mwanamke kama tunavyopenda kudai. Wataita walikuwa na fighi, yale maficho matakatifu ya miti yaliyokingia mji maradhi na maadui, ambamo kukata mti kulikuwa ni kuivunja kinga ya watu wote. Na hakika miti mikubwa iliyosalia katika mabega fulani ya milima imesalia kwa sababu ya heshima hiyo, si kwa sababu ya askari wa msitu. Ila waliokuwa na amri juu ya fighi walikuwa wazee wa kiume. Mwanamke alitii miiko yake na kunywa maji yaliyotoka chini yake, bali kauli ya mahali hapo haikuwa yake. Anayetaka kumrudishia mwanamke wa leo haki yake kwa kurejea tu mila atakuta mila nayo ina daftari lake la wanahisa.

Ukame wa mwaka 2020 mpaka 2023, ambao misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo, uliyaweka haya yote wazi. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini, na habari hizo zikazunguka dunia nzima pamoja na picha zake. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza ukame huo, wakatangaza Aprili 2023 kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya uwezekano wake uzidi angalau mara 100. Afrika nzima, kwa hesabu zinazokubaliwa, hutoa kiasi cha asilimia 4 tu za hewa chafu ya dunia, seuze Mwatate. Basi mwanamke wa Maungu ambaye mwaka ule alizika mbegu za pojo na kunde mara mbili zikafia udongoni, aliadhibiwa kwa kosa la watu asiowajua. Na jirani yake wa karibu katika adhabu hiyo alikuwa ndovu, aliyetoka hifadhini kwa kiu, akavunja tangi na kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia kwa aliyeuawa, aliyejeruhiwa na aliyeharibiwa mazao. Waliodai wanajua muda wa kungoja, na mjane asiye na hati ya shamba lililoliwa ana safari ndefu kuliko wote.

Sagalla kumefanyika jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Hapo chini ya kilima, mpakani mwa Tsavo Mashariki, shirika la Save the Elephants, kwa kazi iliyoanzishwa na Lucy King, limewasaidia wakulima kuzungushia mashamba yao ua wa nyuki. Nguzo husimikwa, na kila baada ya mita 10 huning'inizwa mzinga kimo cha kifua, wa kweli na wa bandia kwa kupokezana, vyote vikiunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akija usiku akasukuma waya, mizinga yote ya upande ule hutikisika, nyuki wakatoka, na ndovu, ambaye ngozi yake nene haimkingi machoni wala ndani ya mkonga, hugeuza njia. Utafiti wa miaka tisa katika mashamba 26, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba katika ndovu karibu 4,000 waliokaribia mashamba hayo, takriban robo tatu walirudishwa, na katika misimu ya mazao mengi kiasi kilifika asilimia 86. Utafiti huo huo haukuficha aibu ya dawa hii: ukame wa mwaka 2017 uliwahamisha nyuki, na mizinga mingi ikakaa mitupu kwa miaka kadhaa kabla haijajaa tena. Nyuki nao hutaka maua, na maua hutaka mvua.

Lakini lililonivutia mimi katika ua huo ni kimo cha mzinga. Zamani mzinga ulikuwa gogo lililofungwa juu ya mbuyu au mgunga, na kuupanda usiku kwa moshi ilikuwa kazi ya wanaume, hivyo asali na fedha ya asali zikawa za wanaume. Ulipoteremshwa mpaka kifuani, mwanamke aliweza kuufungua kwa mikono yake, kutazama masega, kujua malkia yupo au ametoroka, kusafisha nondo na sisimizi, na kupima ndoo mwenyewe kabla haijakwenda sokoni. Hakuna aliyetoa hotuba ya usawa. Waliteremsha kifaa, na riziki ikateremka pamoja nacho.

Kasigau kuna vikapu. Jani la mkonge hukatwa, likakwanguliwa kwa kisu butu juu ya ubao mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi zibaki. Nyuzi huoshwa, zikaanikwa, zikachambuliwa, kisha husokotwa juu ya paja lililo wazi, kitambo hata ngozi ikafanya sugu. Rangi hupatikana kwa kuchemsha magome na mizizi, na mwenye kujua gome lipi latoa wekundu na lipi latoa kahawia anajua vilevile kiasi cha kuchukua bila mti kufa, kwa sababu mwakani atauhitaji tena. Kikapu kimoja kikubwa huchukua wiki kadhaa za jioni, kwa maana mchana ni wa shamba na maji. Makundi mengi ya wanawake kuzunguka mlima sasa huviuza mpaka ng'ambo kwa njia ya Hadithi Crafts, na fedha hiyo, ikilinganishwa na fedha ya kaboni, ni ndogo mno. Ila ni yake. Inaingia katika simu yake, kwa jina lake, kwa kazi ya vidole vyake, wala hangoji kamati imkumbuke. Tena mwanamke anayeuza kikapu ana sababu moja pungufu ya kuchoma makaa, na hili ndilo jambo lile lile ambalo mnunuzi wa tani kule ng'ambo anadhani amelilipia.

Sasa nifike kwenye habari chungu, ambayo haifai kupitwa kwa heshima ya uongo. Novemba 2023, Kenya Human Rights Commission, ambalo ni shirika la raia na si tume ya dola, pamoja na shirika la SOMO la Uholanzi, walitoa ripoti ambamo wanawake wa mradi wa Kasigau, wakiwamo wafanyakazi na wake wa wafanyakazi, walieleza kwamba kwa miaka mingi baadhi ya wakubwa wa kiume waliwataka miili yao ili wapate kazi, wapandishwe cheo, au waachwe kwa amani. Kampuni ilikabidhi uchunguzi kwa mawakili, ikakiri kwamba ulikuta mwenendo mbaya kwa watu wawili, ikaomba radhi. Na Verra, shirika linalotoa vyeti vya kaboni, likaanzisha mapitio ya mradi. Wako waliosema kwamba ripoti hiyo ilikuja kuharibu mradi unaolisha watu, na wako waliosema kwamba mradi wote ni uovu tangu mwanzo. Mimi sikubaliani na upande wowote. Palipo na kazi chache, na mlango mmoja tu wa kuzipata, na funguo zote mikononi mwa wanaume wachache, lililotokea lingetokea hata kama kinachouzwa kingekuwa mkonge au chumvi. Mwanamke mwenye hisa katika ranchi, mwenye sauti katika mkutano unaoajiri na kufukuza, ni vigumu zaidi kumdhalilisha. Ndiyo maana silioni jambo la heshima ya mwili na jambo la daftari la hisa kuwa mambo mawili.

Bunge limekwisha kupiga hatua. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Afrika wa tabianchi uliofanyika Nairobi, na marekebisho hayo yanataka miradi ya kaboni inayohusu ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama kuondolewa, kwa mapatano yaliyoandikwa na kusajiliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika sheria na desturi za ardhi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilitoa Oktoba 2022 pendekezo lake la 39, mahususi kwa wanawake wa jamii za asili, likitaja ardhi, maji na ushiriki katika maamuzi. Karatasi, basi, hazikosekani. Kinachokosekana ni tafsili: asilimia 40 ya jamii, nani ndani ya jamii? Sheria ikishasema jamii, mzee wa kijiji hudhani imemtaja yeye.

Nimeambiwa na watu wenye busara kwamba hisa ni mali ya mtu binafsi, na kwamba serikali haiwezi kuingia katika daftari la ranchi na kuandika majina ya wake za watu. Ni kweli. Hata hivyo ranchi hizi hazikukaa zikawa kampuni za kawaida: nyingi zilizama katika madeni, ng'ombe wao wakaisha kwa ukame na wizi, na kilichoziinua tena ni fedha ya kaboni, ambayo mnunuzi wake huinunua kwa sharti kwamba wenyeji wananufaika. Muuzaji anayeuza manufaa ya wenyeji hawezi kukataa kuulizwa ni wenyeji gani. Tena pana mfano wetu wenyewe wa malipo yaliyofuata mkono. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, mwanamke alilipwa senti chache kwa kila mche wake ulioshika. Hakuulizwa shamba ni la nani, alionyesha mti ulio hai. Na huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unaouza kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013 uko mikononi mwa wenyeji wenyewe, na matumizi ya fedha huamuliwa katika mikutano ya wanakijiji. Ni mradi mdogo sana ukilinganishwa na Kasigau, na udogo huo pengine ndio uliouwezesha, nalikiri hilo. Ila unaonyesha kwamba mpango wa namna nyingine si ndoto.

Kwa hiyo, mapatano ya asilimia 40 yatakapokuwa yanaandikwa au kuandikwa upya katika ranchi za Taita Taveta, ningependa serikali ya kaunti iliyo Mwatate isiyapokee mpaka yawe na mambo yafuatayo kwa herufi zinazosomeka. Nusu ya viti vya kamati inayoamua fungu la jamii viwe vya wanawake waliochaguliwa na wanawake wenzao, katika mkutano unaofanyika saa ambazo si za kuteka maji. Sehemu ya fungu hilo ilipwe moja kwa moja kwa kazi inayoonekana, kama mche ulioshika, chemchemi iliyozungushiwa miti ya asili, ua wa nyuki uliotunzwa, tena ilipwe kwa jina la aliyeifanya. Malalamiko ya unyanyasaji yapelekwe kwa watu wasioajiriwa na kampuni wala na ranchi. Na kila mwanahisa anapofariki, hisa zake zisikae bila mrithi wala zisihamishwe kwa shemeji kimya kimya, bali mjane na mabinti waitwe kwa majina yao mbele ya mkutano, kama Sheria ya Urithi inavyowatambua.

Hilo la mwisho halihitaji fedha ya mfadhili wala mkutano wa Nairobi. Linahitaji katibu wa ranchi alifungue daftari katika mkutano mkuu wa mwaka huu, asome majina ya waliokwisha kufa, ambao katika ranchi za umri huu si wachache, na baada ya kila jina aulize warithi wake ni nani na wameketi wapi.